Skanka, limao na mbegu zisizo na mwenyewe

Wadau, kuna neno limeingia kwenye Kiswahili chetu bila kupiga hodi, likavuta kiti na kukaa: skanka. Siku hizi Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikitangaza mzigo uliokamatwa, utasikia kuna bangi na kuna skanka, kana kwamba ni mimea miwili tofauti. Vijiweni nako skanka ni kitu cha daraja lake: bei juu, ukali juu, na anayeiuza hupenda kuisifia harufu. Hii inanukia limao, mshikaji. Hii imetoka nje.

Hilo la "imetoka nje" ndilo lililonifanya nianze kufukua historia. Nje wapi? Na limao limeingiaje kwenye bangi? (Kabla sijashambuliwa: sivuti, na hapa simfundishi mtu kulima. Kwa sheria yetu ya mwaka 2015 kulima bangi ni kosa la jinai, na wapo wazee wa vijijini walioko gerezani kwa ajili ya nusu ekari. Hao nitawarudia baadaye.)

Tuanze na neno lenyewe. Skanka ni "skunk" ya Kiingereza iliyovalishwa kanzu. Skunk ni mnyama mdogo wa Amerika, mweusi mwenye mistari myeupe, anayejilinda kwa kunyunyiza uvundo. Sisi tunaye kicheche, ambaye si ndugu yake wa karibu lakini tabia ni ile ile. Wamarekani walioanza kuchanganya mbegu za bangi miaka ya 1970 walipata mmea mmoja uliokuwa unavunda kiasi cha kumfichua mwenye shamba kwa jirani, wakauita Skunk, na aina iliyotulia wakaiita Skunk No. 1. Kwa hiyo jina la kwanza lilitokana na uvundo. Limao lilikuja baadaye.

Mmea wa limao uliopata umaarufu kuliko wenzake unaitwa Super Lemon Haze. Ulitoka kwenye kampuni ya mbegu ya Green House ya Amsterdam, Uholanzi, ukashinda Cannabis Cup, mashindano yaliyokuwa yakiandaliwa na jarida la Marekani la High Times mjini humo, mwaka 2008 na tena 2009. Ni chotara: mzazi mmoja ni Lemon Skunk, uzao wa ile Skunk uliochaguliwa kwa sababu ulinukia ganda la limao. Mzazi wa pili ni Super Silver Haze, ambaye naye alikuwa ameshinda mashindano hayo hayo miaka ya 1990. Walioukuza wanausimulia hivi: ni mrefu, majani membamba, kichwa cha ua kimejaa utomvu unaometa kama sukari, na ukiusugua unapata harufu ya limao yenye utamu wa pipi. Ukali wake kwa matangazo ya wauzaji unapita asilimia 20 ya THC, ile kemikali inayolewesha.

Sasa panda juu ya mti huo wa ukoo, kwa bibi na babu. Hapo ndipo "nje" inapoanza kubadilika sura. Skunk No. 1 ilipatikana kwa kuchanganya mbegu za Afghanistan, Mexico na Colombia. Haze ilizaliwa Santa Cruz, California, na kwa simulizi za wakulima wenyewe ina damu ya Colombia, Mexico, Thailand na India ya kusini. Hakuna hata mbegu moja katika hizo iliyoanzia California, wala Amsterdam. Zote zilitoka kwa wakulima wa nchi maskini, watu waliokuwa wakichagua mbegu bora kila msimu na kuitunza kwa msimu unaofuata, baba kwa mwana, kama bibi yako anavyoning'iniza magunzi ya mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jikoni.

Zilitokaje huko? Zilibebwa mifukoni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Ulaya na Marekani walikuwa wakisafiri kwa mabasi kutoka Istanbul kupitia Iran na Afghanistan hadi India na Nepal. Njia hiyo ilikatika mwaka 1979, kwa mapinduzi ya Iran na uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan, lakini mbegu zilikuwa zimeshavuka. Zile za Mexico na Colombia hazikuhitaji hata msafiri. Zilikuja ndani ya mzigo wa magendo wenyewe, kwa kuwa bangi ya zamani ilikuwa imejaa mbegu. Mvutaji wa California alizichambua, akazitia kwenye kopo la udongo nyuma ya nyumba, akasubiri.

Alisubiri sana, na hapa kuna jambo ambalo mtu wa Dar au Nairobi hawezi kulihisi mpaka aelezwe. Bangi hutoa maua kwa kufuata urefu wa usiku. Kwetu karibu na ikweta usiku ni takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mmea wa kitropiki umejizoesha kutokuwa na haraka: hurefuka, hukaa, huchanua polepole. Haze halisi huweza kuchukua wiki 14 au zaidi tangu ianze kuchanua hadi ikomae. Ukiipeleka kaskazini, baridi inaikuta bado mbichi. Mmea wa milima ya Afghanistan una hulka tofauti kabisa. Ni mfupi, mnene, na unamaliza kazi mapema kwa sababu kwao theluji haina subira. Kuoanisha hao wawili ndiko kulikofanya bangi ya kitropiki iweze kulimwa kwenye chumba cha ghorofani huko Ulaya, chini ya taa, mkulima akiamua mwenyewe usiku uanze saa ngapi. Ile harufu ya matunda ya upande wa tropiki ikaingia kwenye mwili mfupi wa Afghanistan.

Kwa nini Amsterdam? Kwa sababu ya sheria. Mwaka 1976 Uholanzi ilirekebisha sheria yake ya afyuni na kutenganisha dawa zenye hatari kubwa na bangi, ambayo kiasi kidogo kikaanza kuvumiliwa. Mbegu zenyewe hazikuwa na shida. Katikati ya miaka ya 1980 David Watson, maarufu kama Sam the Skunkman, alihamia huko kutoka California na hazina yake ya mbegu. Wakati huo huo Nevil Schoenmakers, Mholanzi aliyekulia Australia, alikuwa ameanzisha duka lake liitwalo The Seed Bank, akitangaza kwenye High Times na kutuma mbegu kwa posta hadi Marekani. Serikali ya Marekani ilipoanzisha msako wake wa Operation Green Merchant mwaka 1989, jina lake lilikuwa kwenye orodha. Lakini biashara ilikuwa imeshapata umbo: mbegu ndani ya pakiti, yenye jina, picha na bei kwa kila punje.

Msomaji aliyekulia kijijini atakuwa ameshaanza kutabasamu, maana hadithi hii anaijua kwa mahindi. Kenya ilitoa H611 mwaka 1964 kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador. Mazao yalipanda, hilo halina ubishi. Lakini mbegu chotara ukiihifadhi na kuirudishia shambani, msimu unaofuata haifanani na mama yake; mmoja mrefu, mwingine mfupi, sifa zinatawanyika. Inabidi urudi dukani. Chotara wa bangi ni hivyo hivyo. Ukipanda punje kumi za Super Lemon Haze unaweza kupata mimea kadhaa ya limao, mingine ya Haze ya zamani yenye viungo, mingine katikati. Ndiyo maana wakulima wakubwa hawahangaiki na mbegu. Wanachagua mmea jike mmoja uliokaa sawa, wanautunza kama "mama", na kukata vipandikizi vyake miaka nenda rudi.

Sasa limao. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba bangi hiyo ina limonini, mafuta yale yale yaliyomo kwenye ganda la limao na la chungwa. Mtoto yeyote aliyewahi kubinya ganda la chungwa la Muheza karibu na mshumaa, moto ukaruka, ameiona limonini ikiungua. Ni kweli bangi huitengeneza, kwenye vinundu vya utomvu vilivyo juu ya ua. Lakini bangi nyingi zina limonini, zikiwemo zisizonukia limao hata kidogo! Mwaka 2021 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Iain Oswald walionyesha kwamba uvundo wa skunk hautokani na mafuta hayo bali na kiasi kidogo mno cha kemikali zenye salfa, moja ikiwa ile ile inayoharibu harufu ya bia iliyoachwa juani. Mwaka 2023 kundi hilo likarudi na jibu la pili: hata harufu za matunda, pamoja na jamii ya machungwa, zinatofautishwa na kemikali nyingine zilizomo kwa kiasi kidogo sana, baadhi nazo zikiwa za salfa. Yaani limao na kicheche ni majirani wa mlango mmoja. Mimi nilicheka niliposoma hilo.

Na zile lebo? Mwaka 2021 pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie cha Canada, wakishirikiana na kampuni ya Bedrocan ya Uholanzi, walipima vinasaba vya bangi zilizoandikwa "sativa" na "indica" na kukuta kwamba maneno hayo hayaelezi ukoo wa mmea. Yanalingana kidogo na baadhi ya harufu, basi. Watu wamekuwa wakiinusa bangi na kuipa ukoo kwa pua.

(Mabano kidogo: limao lenyewe ni chotara. Wanasayansi wa vinasaba wamelifuatilia hadi kwa danzi, lile chungwa chungu la mwambao, lililooana na tunda jingine la jamii hiyo. Sijui kwa nini hilo linanifurahisha, ila linanifurahisha.)

Kitu ambacho hakichekeshi ni nini kimetokea kule mbegu zilikotoka. Mfano ulio wazi kuliko yote ni milima ya Rif, kaskazini mwa Morocco. Wakulima wa huko wana mbegu yao ya zamani, beldia, inayovumilia ukame. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa na serikali ya Morocco walipima mashamba ya bangi yakafika hekta 134,000. Miaka michache baadaye serikali ikasema yamepungua hadi takriban 47,500. Wengi walipiga makofi. Lakini wanunuzi walikuwa wameleta mbegu chotara zenye utomvu mwingi na ukali mkubwa, hivyo shamba dogo likawa linatoa mali nyingi. Chotara hao wanakunywa maji. Wakulima wakachimba visima na mabwawa kwenye milima iliyokuwa ikitegemea mvua, na beldia ikaanza kurudi nyuma. Poleni ya bangi husafiri kwa upepo. Mtu akipanda chotara na kuacha dume lichanue, mbegu ya jirani imekwishachafuka.

Ndipo wale wale wauzaji wa mbegu walipoanza kurudi kwenye asili. Green House walitengeneza filamu za safari zao za kusaka mbegu za kienyeji, Afrika ikiwemo. Malawi ilikuwa mojawapo. Mmoja wa wasakaji hao, Mwitaliano Franco Loja, alifariki Januari 2017 baada ya kuugua malaria iliyompata katika kazi yake Kongo. Alikufa kwa ugonjwa ambao wenyeji wa huko wanaufahamu kwa majina ya watoto wao waliowazika. Simbezi marehemu. Alikuwa akisema wazi kwamba mbegu hizi zinapotea na lazima zihifadhiwe. Swali langu ni zihifadhiwe wapi, na kwa faida ya nani.

Kongo hiyo, kwa taarifa yako, ilikuwa na historia ya bangi kabla Amsterdam haijajua kuivuta. Mwaka 1881 Mjerumani Hermann Wissmann alipita kwa Walulua wa Kasai akiwa na Paul Pogge, akakuta jamii iliyojiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Chini ya Chifu Kalamba Mukenge walikuwa wamechoma hirizi za zamani na kuifanya bangi kiapo cha amani. Waliokuwa maadui walivuta pamoja. Wissmann huyo huyo ndiye aliyekuja pwani yetu mwaka 1889 kuzima vita vya Abushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Nchi ya huku nyuma aliiona ikifanya amani kwa kiko, kisha akaja pwani na mizinga.

Atakayesema kwamba bangi si yetu pia ana hoja, na sitaki kuikwepa. Neno "bangi" tumelipata kwa Wahindi, lilivuka na majahazi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 unasema mmea huu ulianza kufugwa Asia ya Mashariki takriban miaka 12,000 iliyopita. Hakuna taifa la kujidai. Lakini kuna tofauti kati ya kusema mmea hauna taifa na kusema kazi ya mkulima haina thamani. Mbegu iliyokaa Afrika karne kadhaa, ikazoea udongo na wadudu wa bonde fulani, imechaguliwa na mikono ya watu fulani. Kuchagua ndiyo kazi ile ile iliyompa sifa mtu wa Amsterdam.

Tazama na fedha. Watson, yule Sam wa Skunk, alishiriki kuanzisha HortaPharm huko Uholanzi, na hazina yake ya mbegu ikaingia kwenye mikono ya GW Pharmaceuticals ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1998. GW ilitengeneza dawa ya kifafa, Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Ni dawa ya kweli inayosaidia watoto wagonjwa kweli. Mwaka 2021 kampuni ya Jazz iliinunua GW kwa takriban dola bilioni 7.2. Katika mnyororo huo mrefu kuna wanasayansi, mawakili, wenye hisa. Hakuna mkulima wa Afghanistan wala wa Colombia.

Afrika nayo imeamka, kwa namna yake. Lesotho ilitoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, Zimbabwe ikaruhusu mwaka 2018, Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020, na Rwanda mwaka huo huo ikaidhinisha kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje tu. Ukisoma masharti utaona wanayemfikiria: mwenye uzio, kamera, maabara na mtaji. Morocco pekee ndiyo iliyogeuza shingo kumtazama mkulima wake. Sheria ya mwaka 2021 ilifungua kilimo halali kwenye mikoa ya Rif, beldia ikaruhusiwa ndani ya mfumo huo, na Agosti 2024 Mfalme Mohammed VI akawasamehe watu 4,831 waliohukumiwa, kushtakiwa au kutafutwa kwa kesi za kilimo cha bangi. Elfu nne mia nane na ushee!

Sisemi Tanzania iige kesho. Hii bangi ya kisasa si ile ya babu, na anayekwambia "ni jani tu" anakuuzia. Bangi iliyokamatwa Marekani na kupimwa na Chuo Kikuu cha Mississippi ilikuwa na THC ya wastani wa asilimia 4 mwaka 1995. Mwaka 2014 ilikuwa 12. Utafiti uliochapishwa kwenye Lancet Psychiatry mwaka 2019, uliofanyika katika miji ya Ulaya pamoja na eneo moja la Brazil, ulikuta kwamba wanaotumia bangi kali kila siku wana uwezekano unaokaribia mara tano wa kupata ugonjwa wa akili wa kuchanganyikiwa, ukilinganisha na wasiotumia kabisa. Kijana anayenunua "limao" Kinondoni ananunua matokeo ya miaka 50 ya kuchagua ukali, na kile kinukio kinamfanya aamini ni kitu laini. Kuna utafiti mdogo wa 2024, wa watu 20, ulioonyesha limonini ikipunguza wasiwasi unaoletwa na THC. Walipewa limonini iliyopimwa, kwa mvuke, maabara. Msokoto wa kijiweni haujapimwa na mtu.

Lakini naona ajabu kwamba kwenye Kiswahili chetu skanka imepata hadhi ya kitu cha wataalamu, na "cha Arusha" kimebaki kitu cha wahuni. Ukipanda mti wa ukoo wa skanka unakutana na mkulima wa Colombia au wa Afghanistan ambaye hana tofauti na wa Arumeru: mlima, jembe, bei ya kahawa au ya mboga isiyoeleweka, na debe la mbegu. Mashamba ya Kisimiri yamefyekwa na kuchomwa moto katika operesheni, na bila shaka yatafyekwa tena. Ile mbegu ikimalizika milimani, jina litabaki vijiweni kwa muda, na atakayetaka kujua ilinukiaje itabidi awatafute wazee waliotoka gerezani.